Nilivyofuatilia kibali cha sprinkler za kiwanda kidogo cha mbao Chang'ombe enzi za Ujamaa, hadi afisa akaoga na kaunda suti yake

Heshima kwenu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa humu mmebaki wachache. Wadogo mnaotukana watu kwa ID za kike, nanyi nawasalimu.

Ninachoandika nimekipitia kwa mwili huu huu. Atakayesema ni chai, atie sukari anywe, mie naendelea.

Kuna jamaa juzi kalalamika humu kwamba anataka kufunga alarm ya moto kwenye jengo lake dogo na anazungushwa vibali kama anajenga uwanja wa ndege. Nyie mkamwambia "nchi imeharibika siku hizi."

Siku hizi? Kaeni vizuri.

Wakati huo mie kijana, fundi bomba. Azimio la Arusha bado jipya, kila mtu ni ndugu, hata anayekufukuza ofisini anakuita ndugu.

Niliwahi kufanya kibarua kiwanda kikubwa cha nguo, huko ndiko nilikoiona sprinkler mara ya kwanza. Kwa wasiojua, ni bomba linapita juu darini, limefungwa vichwa vidogo. Kila kichwa kina kidude cha kioo. Moto ukiwaka chini yake, joto linapasua kioo, maji yanamwagika pale pale. Haihitaji umeme wala maombi.

Sasa pale Chang'ombe, nyuma ya magereji, kulikuwa na ushirika wa maseremala. Wengi wao watu wa kusini, Newala na pande zile. Walijua kuchonga vinyago, lakini kilichowalisha ilikuwa madawati ya shule. Serikali inafungua shule kila kona, watoto wanakaa chini, oda haziishi.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Chilumba. Mfupi, sauti kama spika ya mkutano wa hadhara. Akikuambia siri, mtaa wa pili wanaijua.

Upande wa msasa na vanishi aliongoza Bi Zuhura, mama wa Rufiji, mjane. Yule mama alikuwa haogopi mtu aliyevaa viatu wala asiyevaa.

Na ukuta kwa ukuta na kiwanda palikuwa na duka la Said, Mwarabu wa zamani pale, kazaliwa hapo na baba yake kazaliwa hapo. Anauza unga, sukari ikipatikana, na mafuta ya taa madebe kwa madebe.

Mnaona picha? Huku maranda na vanishi, kule mafuta ya taa. Katikati ukuta mmoja, na huo ukuta wenyewe nusu matofali nusu imani.

Siku moja asubuhi jiko la kuchemshia gundi likarusha cheche kwenye maranda. Moto ukapanda kama umeitwa jina. Watu wakarukia madirishani. Bi Zuhura peke yake alibaki anaupiga kwa gunia bichi mpaka ukazimika, na mkono wake wa kushoto ukaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Said akaja mbio, kanzu kaikunja mkononi.

"Wallahi nyie mtanichoma mie na wanangu! Mtanichoma na mafuta yangu mwenyewe!"

Mzee Chilumba akamjibu kwa ile spika yake, "Basi hamisha mafuta!"

"Hamisha mbao wewe!"

Wangepigana pale. Bi Zuhura, mkono umepakwa asali, akawaambia, "Mkimaliza kutukanana mniambie nani kati yenu atanizika mie siku nyingine."

Said akaishusha kanzu yake.

Hapo ndipo nikaitwa. Nikawaambia kuna ghala bovu linabomolewa Barabara ya Pugu, lilikuwa na sprinkler, vyuma vinatupwa. Said akasema juu ya nyumba yake ana tangi la chuma na atalitoa, ilimradi alale usingizi. Mafundi wakasema nguzo za kulibeba watazichimbia wenyewe. Kengele tukaipata ya umeme, ya betri, unabonyeza swichi ukutani inalia. Kila kitu kipo.

Kikabaki kibali.

Wakuu, ofisi siitaji. Ilikuwa ya watu wa moto, mjini, ina feni moja, na feni hiyo inamwelekea mtu mmoja. Huyo mtu tumwite Ndugu Afisa. Kaunda suti rangi ya maziwa, imenyooshwa mpaka unaogopa kuisogelea.

Akanipa fomu. Fomu ni ile ile moja kwa nchi nzima, uwe unajenga kiwanda cha nguo au banda la kuku. Jengo lina ghorofa ngapi? Lina lifti ngapi? Eleza chumba cha mitambo ya mvuke. Ambatanisha ramani ya mhandisi.

Nikajaza kwa uaminifu. Ghorofa, hakuna. Lifti, hakuna. Mvuke, upo wa gundi.

Akaisoma. Akanitazama.

"Ndugu, unafanya mzaha na serikali?"

"Hapana ndugu. Hatuna lifti."

"Hapa wameuliza ngapi. Hakuna si namba."

Nikaandika sifuri. Akasema sawa, sasa lete barua ya watu wa maji kwamba wanaruhusu. Nikaenda kwa watu wa maji. Wakasema hatuandiki barua mpaka watu wa moto waruhusu. Nikarudi kwa watu wa moto. Wakasema bila barua ya maji haiwezekani. Nikawa natembea kati ya ofisi mbili zinazotazamana ng'ambo ya barabara, maafisa wenyewe wanapungiana mikono dirishani na mchana wanakula pamoja!

Mhandisi naye, hao walikuwa wachache mno nchini, wote wako kwenye mabwawa na viwanda vikubwa. Nani atakuja Chang'ombe kuchora bomba la maseremala?

Ikapita miezi. Kila nikirudi kiwandani Mzee Chilumba ananiuliza, "Kibali?" Nikisema bado, mtaa mzima unajua bado.

Nikawashauri tufunge tu kimyakimya. Bi Zuhura akakataa. "Tukifunga kwa wizi, siku wakija watang'oa, na sie tutakuwa tumezoea kujiona salama. Kesho nakwenda na wewe."

Kesho yake nikamkuta kituoni kabeba stuli ya mninga kichwani na mfuko wa msasa. Nikajua leo kuna jambo.

Tukafika. Karani akasema Ndugu Afisa ana shughuli, kaeni msubiri. Bi Zuhura akakaa sakafuni kwenye korido, akaiweka stuli mapajani, akaanza kupiga msasa.

Khwaa, khwaa, khwaa.

Vumbi la mninga mnalijua. Linawasha pua mpaka unasahau jina lako. Ile feni ikalivuta lote ndani. Karani wa kwanza akapiga chafya. Wa pili akafuata. Wachapaji wakatoka nje wamefunga vitambaa puani kama majambazi.

Ndugu Afisa akatoka, macho mekundu.

"Mama! Ni nini hiki?"

"Nafanya kazi, mwanangu. Si mmesema kila mtu afanye kazi? Mie hapa nasubiri tangu miezi ile, nimeona nisikae bure."

"Hapa ni ofisi ya serikali!"

Bi Zuhura akavuta mkono wa gauni. Ule mkono ulikuwa umepona vibaya, ngozi imekunjamana na inang'aa. Akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Huu nao ni wa serikali? Maana niliuunguzia madawati ya serikali. Njoo uone tunapofanyia kazi. Ukishaona, useme hapana, mie sirudi tena hapa."

Yule bwana akaangalia mkono. Akaangalia suti yake. Akasema, "Kesho kutwa nitafika."

Nikasema moyoni, uongo huo.

Akafika! Kashushwa na Land Rover, na suti ile ile ya maziwa, faili kwapani.

Sasa hapa niseme ukweli, maana mnapenda nyuzi ambazo mwenye cheo ni mjinga mwanzo mpaka mwisho. Yule jamaa alikuwa anaijua kazi yake. Alikuwa tu hajawahi kuifanya akiwa amesimama.

Mabomba tulishayapanga juu kumwonyesha, tangi limejaa kwa ajili ya jaribio. Alizunguka kile kiwanda kona kwa kona. Akasukuma mlango, akauliza kwa nini unafungukia ndani. "Watu wakikimbia wataulalia, hautafunguka." Akaiona swichi ya kengele, tumeiziba kwa rundo la mbao. Akaona koki ya tangi iko chini karibu na bomba la kufulia. "Huyu atakayekuja kufua akiifunga hii, nyie mna mapambo tu huko juu." Mzee Chilumba akajibu "Kweli" na nadhani Kimara nzima walisikia, ingawa wakati ule Kimara ilikuwa mashamba.

Kisha akauliza vichwa tumevitoa wapi. Nikasema ghala bovu.

"Vya kuokota. Vipo hai?"

"Vipo hai."

"Nionyesheni."

Tukaweka maranda kwenye karai la chuma juu ya meza, chini ya kichwa kimoja, tukatia kiberiti. Moto ukawaka. Sote tukarudi nyuma. Yeye akabaki palepale, shingo juu, anakitazama kichwa.

Tukangoja.

Hakuna kitu.

Maranda yakaanza kuisha. Mie jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Said mlangoni anasoma dua. Ndugu Afisa akatikisa kichwa, akasogea karibu zaidi, akanyoosha kidole, akasema, "Mnaona? Hiki kimeku..."

PAA!

Wakuu, maji ya kwanza kutoka kwenye bomba kuukuu si maji. Ni uji wa kutu. Mweusi, mzito, unanuka kama shilingi ya zamani. Ulimshukia utosini ukateremka hadi viatuni, na suti ya maziwa ikawa ya kahawa. Faili likaelea.

Hakuna aliyecheka. Narudia, hakuna. Mzee Chilumba alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na bado nilimsikia.

Jamaa akafuta macho. Akapanda juu ya meza, maji yanamwagikia, akakikagua kile kichwa kwa karibu. Akakwangua kwa kucha.

"Rangi," akasema. "Waliokuwa wanapaka chokaa ghalani wamepaka na vichwa. Rangi inazuia joto. Kimefunguka, ndiyo, lakini kimechelewa. Mama huyu angekuwa ameshaungua mkono wa pili."

Ile kauli ilinikausha kuliko feni ya ofisini kwao. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka maisha yangu yote, nikajikuta namsikiliza.

Akaagiza vyote vyenye rangi vitupwe, tukachague visafi kule kwenye vyuma chakavu, mlango ugeuzwe, koki ifungwe kwa mnyororo ikiwa wazi na ufunguo ashike Bi Zuhura. Siku chache baadaye akarudi na shati la kawaida, tukajaribu tena. Safari hii kioo kilipasuka maranda hayajashika vizuri, na yeye kasimama mbali sana.

Akasaini palepale, juu ya dawati lililokuwa halijapigwa vanishi. Ile fomu ndefu hakuitumia. Lifti zangu sifuri zikafia hapo.

Baadaye alinieleza kwamba alikwenda kubishana na wakubwa wake. Hoja yake ilikuwa hivi: jengo la chini, vichwa vichache, tangi moja, halihitaji mhandisi wala barua za kuzungushana. Linahitaji afisa aende, aone moto unawashwa, aone maji yanatoka, asaini au akatae. Karatasi moja, meza moja. Walimbishia, wakamwambia anafungulia uzembe. Akawajibu uzembe ni yeye kukaa chini ya feni huku hajui mlango wa kiwanda unafungukia wapi.

Wakakubali kwa majaribio, kwa Temeke. Mie nikapata kazi wewe! Nikafunga kwa waoka mikate, kwa watengeneza magodoro ya sufi, na majaribio yalipopanuliwa, mpaka Kinondoni kwa mafundi cherehani. Vingine alivikataa, na mie nikanuna, na tukarudia upya.

Kiangazi kilichofuata, mchana wa jua kali, watu wametoka kula, matambara ya vanishi yakashika moto yenyewe kwenye kona ya stoo. Mie nilikuwa kwa Said nakunywa kahawa. Tukasikia mlio wa kengele, Bi Zuhura kaibonyeza na haiachii. Tukakimbia. Moshi mweusi mlangoni, na Bi Zuhura anaita watu kwa majina mmoja mmoja.

Mmoja hakuitika. Mzee Chilumba.

Mtu ambaye sauti yake huikosi hata ukiwa baharini, hasikiki. Said akaanza kulia kama mtoto, yeye huyo huyo aliyekuwa anatukanana naye. Nikafunga shati puani, nikaingia. Ndani maji yanamwagika kona ile tu yenye moto, moshi umeanza kugeuka mvuke mweupe. Nikajikwaa mguu wa mtu.

Mzee alikuwa amelala kona ile ile, nyuma ya rundo la mbao, usingizi wa baada ya ugali, moshi umeshamlegeza. Kichwa cha sprinkler kiko juu yake kabisa. Nikamburuta nje, kalowa chapachapa. Akakohoa sana. Tukamlaza kivulini ukutani kwa Said.

Akafungua macho, akavuta pumzi, akanguruma mtaa mzima usikie:

"NANI KANIMWAGIA MAJI?"

Bi Zuhura akakaa chini, akafunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sikumuuliza.

Wakuu, somo nililolipata mie ni hili. Kurahisisha kibali siyo kufuta ukaguzi. Yule jamaa angetupa muhuri siku ya kwanza bila kuja, tungefunga vichwa vya rangi, koki mtu angeifunga akifua, na Mzee tungemzika. Na angeendelea kung'ang'ania lifti, tungemzika vilevile. Kilichotuokoa ni karatasi kupungua na miguu ya afisa kuongezeka.

Haya, uwanja wenu. Mliowahi kufunga system ndogo dukani, shuleni au kanisani, mlizungushwa na nani na mlitokaje? Na kama humu kuna afisa wa vibali, karibu mkuu, tutakusikiliza. Ila tuanze na hili: mara ya mwisho ulitoka lini ofisini ukaenda kuona?