Nyota Iliyolala Jaani

Kutu ina harufu, na mimi naijua tangu udogo: harufu ya mvua ya vuli kwenye madebe makuukuu, nyuma ya nyumba yetu Mzenga. Baba alikuwa fundi bati. Sisi Waislamu, lakini nyota ya Krismasi ya kanisa la jirani ilikatwa kwa mikono yake, wala hakuna aliyeona ajabu. Mwaka ninaousema, enzi za Mwingereza, jambo lilikuwa zito. Nyota ya mwaka uliotangulia ilikuwa ya bati la debe. Mvua ikainyeshea pale juu ya mlango, kutu ikachirizika kwenye ukuta mweupe mpaka chini. Mwalimu wa kanisa akaja kwetu, anacheka upande mmoja wa mdomo. "Fundi, nyota yako ililia. Ikilia tena, tunaagiza Dar."

Baba alikwenda Soga kwa miguu, kwenye shamba la mkonge, akarudi na gunia la mabaki ya chuma, akanikabidhi pamoja na sumaku nichague. Nilivyozoea mimi, kinachonasa ni chuma, kisichonasa hakina kazi. Kulikuwa na kipande cheupe, ubavu wa sufuria iliyopasuka ya jikoni kwa meneja. Sumaku ilikipita kama haikijui. Nikakitupa jaani, penye majivu na maganda ya mihogo, nikaringa kwamba kazi nimeimaliza.

Siku ya tano baba akauliza kile cheupe kiko wapi, maana ndicho alichokifuata Soga.

"Sumaku ilikikataa, baba."

"Kwani sumaku ndiyo itakayonyeshewa?"

Nililifukua jaa kwa mikono, mvua inanipiga mgongoni. Nilipokipata nikakifuta kwa kanga: hakina doa la kutu; kumbe kuna chuma kisichonasa kwenye sumaku wala kushika kutu. Vile nilivyovichagua mimi, baba alikuwa ameviloweka kwenye maji ya chumvi na ndimu kuvijaribu, na vyote vilishakuwa vyekundu. Akavitazama, akanitazama, akachukua mkasi wa bati. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Nyota ya kile cheupe ilikatwa kwa taabu, ikapita vuli, ikapita masika, ukuta ukabaki mweupe. Mwalimu hakuitaja Dar tena.

Siku hizi wajukuu wananiletea mapambo ya chuma kutoka madukani Sofu, ya Idi na ya Krismasi, wananiambia, "Bibi, ona yanavyometameta." Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wananiona mkali, na mkali ni kweli. Sibishani nao. Nachukua kimoja, nakizika jaani, nawaambia tuonane siku ya tano.