Pilipili Katika Sahani ya Kaka

Nilimwahidi mama kwamba pilipili haitagusa ulimi wa kaka yangu mpaka amalize dawa za kifua kikuu. Niliahidi nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko lake, nyumbani kwetu nje kidogo ya Kolandoto, begi likiwa bado begani, maana nilikuwa nimeshuka kwenye basi la kutoka Geita na nilichokitaka ni kukaa chini tu. Mama aliliomba jambo hilo kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kama afanyavyo anapotaka kusema neno mara moja na lisirudiwe. Nikakubali. Sikuuliza sababu kwa kuwa nilidhani ninaijua: pilipili humkohoza hata mtu mzima wa afya, sembuse mgonjwa wa kifua.

Kaka alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Nyarugusu akiwa amekonda hata suruali zake zikafungwa kwa kamba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu, na vumbi lake lilikuwa limeingia kifuani mwake kabla ya ugonjwa kuingia. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari iliyo karibu na machimbo hayo. Kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka kliniki, mimi ndiye niliyemleta nyumbani auguzwe, na ndiye niliyekuwa nikisafiri kila mwisho wa juma kumtazama, huku madaftari ya wanafunzi yakinisubiri mezani.

Dawa zilifanya kazi yake. Homa iliondoka, jasho la usiku likakauka. Kilichoshindikana kilikuwa chakula. Vidonge vilimtia kichefuchefu; akivimeza tumbo likiwa tupu, alivitapika vyote. Muuguzi wa kliniki alinieleza bila kunificha: asipokula ataziacha dawa, na akiziacha, ugonjwa utarudi ukiwa mgumu kuliko huu, ugonjwa ambao dawa hizi hazitauweza. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuitazama sahani ya kaka kama sahani ya kawaida.

Mama alipika kila alichokijua. Alipika uji wa mtama uliochanganywa na karanga, mlenda, kuku wa kienyeji wa kuchemsha, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akaichemsha mpaka ikalainika. Akaleta maziwa mgando kwenye kibuyu. Ni chakula kizuri, nami nimekulia humo. Ladha yake huja taratibu, kwa uchachu wa maziwa na utamu wa viazi, na haimshtui mtu. Pilipili haikuwahi kuwa na mahali katika nyumba yetu. Kaka alikula matonge machache, kisha akaisukuma sahani.

"Mama, usikasirike. Ni kama natafuna pamba."

"Pamba! Pamba nimeilima tangu sijaolewa, na sijawahi kukupikia hata siku moja."

"Basi nitwangie pilipili kidogo."

"Ukohoe mpaka uyatapike mapafu? Kula, ng'wanawane. Kula, mwanangu."

Kaka alinitazama. Mimi niliutazama ugali wangu.

Nilikuwa ninajua anachokitamani, kwa sababu nilipoanza kazi ya ualimu alinikaribisha kula na wenzake pembeni ya duara, lile shimo lao la kuchimbia. Walikula wote katika sinia moja, ugali na dagaa, na ukingoni palikuwa na kibakuli cha pilipili kichaa zilizopondwa kwa chumvi na ndimu. Desturi yao ilikuwa kwamba mgeni huchovya kwanza.

"Mwalimu, anza wewe," alisema mchimbaji mmoja mwenyeji wa Tanga, mtu mrefu aliyefunga kitambaa kichwani. "Umezoea kutunga mitihani. Leo fanya wa kwetu."

Nilichovya, nikala. Machozi yalinitoka, kwikwi ikanishika, na masikio yakaanza kuvuma.

"Amefeli!"

"Mpeni maji!"

"Maji ya nini? Arudie darasa!"

Kaka alicheka pamoja nao mpaka akajishika mbavu. Lakini kelele zilipotulia, aliligeuza sinia polepole, upande usio na pilipili ukawa mbele yangu, na hakumwambia mtu. Kila nilipokwenda tena kula nao, upande ule ulikuwa wangu.

Siku ile ya kwanza niliwauliza wanaipendea nini, kwa sababu nililichukulia swali lile kwa uzito. Darasani nafundisha kwamba ukali wa pilipili si ladha kama utamu au uchachu. Ndani yake mna kitu kinachoiamsha mishipa ileile ya fahamu inayotoa habari za moto, hivyo ulimi hudhani unaungua ilhali hauungui. Wako waliozaliwa na ulimi unaosikia moto huo kwa nguvu zaidi. Wako waliozoeshwa tangu utotoni. Na wako wanaofurahia utulivu unaofuata, mwili unapotambua kwamba haukudhurika. Hayo yote ni kweli, na ninayafundisha bado. Hayakunieleza, hata hivyo, kwa nini mtu aliyelelewa kwa maziwa na mlenda, katika nyumba moja na mimi, aifikie hali ya kutoweza kula bila pilipili.

"Kwenye karasha vumbi linajaa mdomoni," kaka alinijibu. "Ugali na udongo vinakuwa kitu kimoja. Pilipili ndiyo inayopenya."

Yule wa Tanga akaongeza, "Na kule chini, mwalimu, unaogopa kila kitu. Kamba unaiogopa, maji unayaogopa, mwamba unauogopa. Huu ndio moto peke yake unaojua kwamba utazimika."

"Haya, mchungaji kaanza ibada," mwenzake akamkatiza. "Sadaka ipitishwe!"

Niliyakumbuka maneno yao Jumamosi moja, nilipomkuta kaka ameketi nyuma ya nyumba, vidonge vya siku hiyo vikiwa kiganjani mwake. Hakuwa na hasira.

"Nimechoka, mdogo wangu," alisema. "Leo nitavimeza kwa sababu umekuja. Ukiondoka sitavimeza."

"Ukiviacha unajua kitakachofuata."

"Najua. Wewe unajua kwa kusoma, mimi ninajua kwa kutapika."

Ningeweza kwenda sokoni nikamnunulia pilipili na kumwekea mfukoni, na mama asingeona. Lakini nilikuwa nimeahidi, na siamini kwamba ahadi hupungua uzito kwa sababu tu aliyeahidiwa hayupo karibu. Nilimpigia simu muuguzi. Akaniambia kwamba pilipili haikatazwi. Ikimuuma tumbo aiache, isipomuuma ale, mradi ale. Nikaenda jikoni.

Mama alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Mama, ninaomba uniondolee ile ahadi."

"Umeshampa?"

"Hapana. Sijampa."

"Najua. Ungempa, angekula."

Nilikaa kwenye kigoda. "Nimeongea na muuguzi. Anasema haikatazwi."

"Ninajua haikatazwi," alisema mama. "Ndiyo maana nikaikataza mimi."

Ndipo akanieleza. Hakuna dawa aliyowahi kuijua isiyokuwa na mwiko. Waganga wa kwetu wakimpa mtu mizizi, humpa na mwiko wake: asile samaki wa aina fulani, asile chakula cha moto, asiguse pilipili. Mwiko ndio unaoishika dawa mwilini. Siku alipokwenda na kaka kuchukua vidonge, mama alisubiri mwiko utajwe. Muuguzi alitaja pombe na sigara, ambavyo kaka hajawahi kuvitumia, kisha akaita mgonjwa mwingine.

"Dawa gani isiyomnyima mtu kitu?" mama aliuliza. "Nikaona itampita kama maji. Nikamtafutia kitu anachokipenda. Kumkataza mtu asichokipenda si mwiko."

Chuoni tulifundishwa namna ya kuzungumza na wazazi kuhusu imani za aina hii, na maneno yale niliyajua yote. Hayakunitoka mdomoni. Sehemu ya sababu ni uchovu. Juma lile nilikuwa nimefundisha, nimesahihisha, nimesafiri, na ubishi wa kumshinda mama yangu mwenyewe ulinielemea kabla sijauanza. Sehemu nyingine ni kwamba niliona alichokuwa akikifanya miezi ile yote. Alikuwa anamlinda mwanawe kwa kumnyima chakula, na kila sahani iliyorudi jikoni ilimuumiza, naye alivumilia akidhani kuumia huko ndiko kunakoponya.

Niliuliza jambo moja tu. "Mimi nilipokuwa nanyonya, nikaugua, nani alikuwa akishika mwiko wangu?"

"Mimi. Ungeushika vipi wewe, hata jino huna?"

Kisha mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nje kuku walikuwa wakigombania maganda ya karanga.

"Chumvi," alisema hatimaye. "Nitaacha chumvi mpaka amalize."

"Chumvi niiache mimi, mama. Wewe umri umekwenda."

"Wewe hukumzaa."

Nilirudi kutoka sokoni na pilipili kichaa kwenye karatasi. Mama alikataa nizitwange. Alizitwanga mwenyewe, uso kaugeuzia ukutani, akipiga chafya na kulalamika.

"Redioni wamesema hizi watu wanafukuzia tembo mashambani. Na nyinyi mnakula!"

"Basi tembo hawatafika hapa," kaka alimwitikia kutoka nje. Ilikuwa imepita muda mrefu hajatania.

Alichovya tonge la kwanza, akala. Kikohozi kikamshika. Mama aliinuka, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na mimi nilisimama pia. Kikohozi kikapita. Kaka alifuta machozi kwa kiganja, akachovya tena. Hakumaliza sahani, lakini alikula zaidi ya nusu, akameza vidonge, na mchana ule havikurudi.

Sitaki kusema zaidi ya kilichotokea. Kaka angali mwembamba. Ziko siku anazozikataa sahani hata zikiwa na pilipili, na siku hizo tunaanza upya. Dawa, mpaka ninapoandika haya, hajaziacha. Mama anajipikia chungu chake kidogo kisicho na chumvi, anakula upande wake. Jumapili iliyopita aliumega ugali wake, akautafuna kwa muda mrefu, akasema, "Hiki kinakataa kushuka." Alimtazama kaka, naye akamtazama. Mimi jioni hiyo nilipanda basi kurudi Geita, na nililala njiani mpaka kondakta akaniamsha.

Nina ombi kwako, msomaji. Kama nyumbani kwako yupo mgonjwa anayerudisha sahani, muulize alikuwa akila nini alipokuwa na nguvu zake, na umsikilize mpaka amalize. Kisha nenda jikoni, ukamuulize na anayempikia ni kitu gani anachokiogopa.