Nilishindwa kura ya mtaa hapa Butembo, maji yakanitetea

Wakuu, salaam kutoka Butembo.

Leo ndiyo nimekaa nimetulia tangu Jumamosi. Chai iko mkononi, mama yangu anakoroma chumba cha pili. Nikaona niwape kisa hiki kingali moto. Chumvi sijaongeza, maana majirani zangu nao wanapita humu na wanajua kunisuta.

Kwa msiojua, huku kwetu Jumamosi asubuhi kuna salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa. Hakuna anayelipwa. Barabara zetu tukisubiri zitengenezwe na wakubwa, wajukuu wetu watapita kwenye tope lilelile.

Sasa, mbele ya nyumba yangu kulikuwa na kidaraja cha mbao kilichooza. Watu wa pikipiki walikuwa wanaanguka pale na abiria wao. Chef wetu wa mtaa akatangaza: kila nyumba ilete mawe, tujaze lile shimo mara moja liishe.

Mkitaka kuwajua watu wa mtaa wetu, waambieni walete mawe. Ni mashindano! Huyu analeta toroli, yule anamwambia mkewe wasiaibike mbele ya jirani. Mimi mwenyewe nilibeba, nikatupa, nikaimba na wenzangu. Kufika saa sita barabara ilikuwa sawa kabisa, pikipiki zinapita tunapiga makofi.

Nilifurahi mpaka nilipoingia uani kwangu na kugeuka kuitazama kwa chini.

Wakuu, sikilizeni. Chini ya kile kidaraja ndiko maji ya mvua ya kilima kizima yalikokuwa yanapita kwenda mtaroni. Tulikuwa tumeziba kote. Kila mmoja alidhani mwenzake ameacha tundu! Maji yakija yangekosa njia, yangegeukia uani kwangu.

Na nyumba yangu ni ya udongo. Ukuta wa upande ule ndio wa chumba cha mama yangu, ambaye miguu ilishakataa, hatoki kitandani bila kubebwa. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini Beni. Na huu ni msimu wa mvua, si lazima niwaeleze zaidi.

Nikarudi mbio. Watu walikuwa bado wamekaa wanapumzika, nikamwambia chef mbele ya wote tufukue. Wee! Kama nimetukana mtu.

Chef akanijibu kwa upole, hilo nampa (mais kwetu ni lakini): "Mama Zaina, minakusikia. Mais batu bametoka jasho pale. Hatuwezi bomola kazi ya batu bote juu ya nyumba moya."

"Na ukuta ukianguka?"

"Mvua ikinyesha, tutaona."

"Mutaona nini? Mama yangu akishakuwa chini ya ukuta?"

Hapo sauti yangu ilishapanda. Chef akasema basi tupige kura, wanaotaka tufukue wainue mikono. Uliinuka wangu, na wa jirani yangu Mama Kahindo, ambaye hadi leo nadhani alikuwa anajikuna. Nikashindwa mchana kweupe.

Kilichoniuma ni kwamba hawakuwa watu wabaya. Ni hawa hawa waliokuja kunisaidia kumbeba mama yangu alipougua. Walichoka tu, na kazi yao walikuwa wameipenda. Ningekuwa mimi naishi juu ya kilima, labda mkono wangu nao ungebaki chini. Lakini siku hiyo sikuwaza hivyo, niliwachukia wote, mmoja mmoja.

Jumapili asubuhi nilisimama barabarani, pale pale tulipojaza. Akina mama walikuwa wanapanda kutoka chemchemi na bidoni za maji mgongoni, wawahi kabla ya misa. Mimi ni Mwislamu, misa sina, nilikuwa na muda wa kuwasumbua. Wa kwanza kumsimamisha alikuwa Mama Kahindo.

"Mwaga kidogo hapa, mama, tuone maji inaenda wapi."

"Ee Mama Zaina! Maji nilipandisha na mugongo, unasema nimwage?"

"Kama haiingie kwangu, mi mwenyewe nitashuka kule chemchemi kukushotea maji ingine."

Akacheka, akamwaga. Hayo yakanywewa na udongo, hayakufika mbali. Wenzake wakasimama kushangaa, na nyie mnajua watu wakishaanza kushangaa. Mmoja akamwaga yake, na mwingine, na mwingine. Maji yakapata nguvu, yakaingia uani kwangu kama mgeni mwenye haraka, yakalamba ukuta wa mama yangu mwanzo hadi mwisho. Nikasema basi, wameona, yametosha.

Kumbe hayakuishia pale.

Yakatoka kwa chini ya ua wangu, yamebeba mavi ya mbuzi, oili ya pikipiki na takataka zote za barabarani. Akina mama wakayafuata wakiwa wamepandisha vitenge vyao. Mimi nilibaki nautazama ukuta, hadi niliposikia Mama Kahindo anapiga kelele kule chini:

"Mais banamama! Muangalie fasi inaelekea! Hii ni njia ya source. Ni ile maji tunakunywaka!"

Source ndiyo ile chemchemi yetu. Naapa sikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa naipigania nyumba yangu tu.

Mtaa uliowahi kupita kwenye magonjwa tuliyopitia hapa kwetu hauhitaji kuhubiriwa kuhusu maji machafu. Misa ilipotoka, chef alikuwa ameshasikia kila kitu. Akaja akatazama zile alama za maji, akavua kofia yake.

"Jana tulipiga kura na hatukuona. Leo tumeona. Donc tunapiga ingine."

Mikono yote juu. Hata wale waliokuwa wamenuna.

Tulifukua tukiwa na nguo za Jumapili. Kulihitajika kitu cha kupitishia maji, nikakumbuka mapipa mawili makubwa ya mume wangu. Mchomeleaji wa jirani akayakata matako, tukayalaza, mawe yakarudi juu yake.

Mvua ilikuja alasiri hiyo hiyo, ile ya kuzomea bati. Nilikaa kitandani kwa mama yangu, nimemshika mkono, macho kwenye ukuta. Nilisoma dua zote ninazozijua.

Mara nikasikia chef huko nje, amelowa chapachapa, anaita: "Mama Zaina! Inapita! Yote inapita!"

Nililia, wakuu, wala sioni aibu. Mama yangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, mama, hakuna aliyekufa.

Nilichojifunza: kura ukishindwa, usiende nyumbani kununa tu. Watu wengi wanakukatalia kwa sababu hawajaona unachokiona. Waoneshe, kisha uombe kura nyingine. Na chef anayekubali kupigisha kura mara ya pili, mshikilieni, hawa ni wachache.

Kwenu mambo ya mtaa mnaamuaje? Mmewahi kubaki peke yenu na mkono juu? Mwageni hapa, nasoma yote.

Na baba Zaina, najua huko Beni hukosi kupita humu: yale mapipa unayoniulizia kwenye simu tangu jana yako chini ya barabara. Karibu nyumbani, pita juu yake polepole.