Mkanda wa Treni ya Papa Gustave

Pale Kibua, kijiji cha mashariki mwa Kongo, hakuna aliyewahi kuona treni kwa macho yake, na jambo hilo halikumzuia Papa Gustave hata kidogo kuwa fundi wa treni. Reli ilikuwa mbali huko Kindu, nyuma ya msitu mzima, na yeye alikuwa mtu wa mihogo, ndizi na mitego ya wanyama. Lakini akisharudi shambani na kunawa mikono, aliketi barazani, akatandaza mbele yake makopo ya sardini, mbavu za mwavuli uliokufa na maganda ya shaba ya risasi waliyoyatupa wawindaji, na hapo usimsemeshe. Mkewe, Mama Euphrasie, alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye mwenyewe angezaliwa kopo angependwa zaidi.

Ugonjwa huo aliupata misioni, miaka ya vita ya Hitler. Ukutani palikuwa na picha ya treni inayokujia usoni, duara jeusi, taa na moshi, basi. Mbavu zake hazikuonekana, wala mgongo wake. Gustave aliikodolea macho mpaka katekista akamkumbusha kwamba misa imekwisha na watu wamekwenda zao. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijiuliza kitu kile kina nini ubavuni.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyebaki hai, Michel. Siku zile vijana walikuwa wakienda kuchimba madini kwa kampani, huko Omate, na wengine walirudi wanakohoa, rangi imewakimbia. Gustave aliwadharau, tena bila kuficha. Alisema mbele ya watu, kwenye kilio cha jirani, kwamba mtoto wake ataendesha treni, hatajifukia ardhini. Halafu akamgeukia Michel mwenyewe.

"Siku utaingia mu shimo, usirudie kwangu tena. Nitasema sina mutoto."

Maneno makali hayo, na aliyasema akiwa hajalewa. Michel aliinamisha kichwa. Mwaka wa 1946 akaaga kwamba anakwenda Kindu.

Aliporudi mara ya kwanza, jamani, furaha iliyokuwa kwenye nyumba ile! Kijana ameota mabega, mikono imebabuka kwa moto. Akasema kazi yake ni kulisha mashini kuni na maji. Baba yake hakumpa hata nafasi ya kula. Ina nini ubavuni? Michel akaanza kueleza, na alieleza vizuri, kama mtu anayeiona. Ina tangi refu lililolala. Ina gurudumu kubwa sana upande mmoja, zito, linalozunguka mpaka hewa inavuma. Kwenye gurudumu hilo umefungwa mkanda wa ngozi.

Mkanda unakwenda wapi, baba akauliza. Michel akasema unakwenda nyuma, unavuta mabehewa. Na bomba la moshi lina bawaba, unalilaza chini. Ya nini kulilaza? Ili treni ipite chini ya matawi, akasema Michel, na akaomba maji ya kunywa.

Gustave alimeza yote. Angekosaje kuyameza? Ndani ya miezi michache alikuwa ameunda ya kwanza. Kopo likawa tangi, utambi wa mawese ukawa moto chini yake. Ganda la risasi likawa silinda, na ndani yake kipande cha mti kilichozungushiwa uzi wa pamba wenye mafuta, kikisukumwa na mvuke kwenda na kurudi. Ile ya kwanza iliyeyuka madini ya kuungia, ikasambaratika. Ya pili ilizungusha gurudumu lakini haikuondoka mahali pake, maana mkanda ulikuwa unavuta mabehewa ya mti na mashini yenyewe imekaa tu. Alikonda kwa ajili ya shida hiyo. Mwishoni akaupitisha mkanda wa nyuzi za raffia kwenye ekseli ya mashini yenyewe, na ikatembea, pole pole, ikipiga chafya, kutoka mlangoni hadi kwenye jiko la Mama Euphrasie.

Kila Michel alipokuja kutembea, baba alipata jambo jipya la kuongeza, na kila jambo lilizaa treni nyingine. Alizipanga kwenye ubao chini ya paa, na watu walitoka hata Kibabi, kule Masisi, kuziangalia. Michel alioa, akamchukua Libérata, msichana mpole mwenye kicheko cha ghafla, akamwacha Kibua, kwa Gustave na Mama Euphrasie, akisema atamwita nyumba ikipatikana. Mara ya mwisho alikuja mwaka wa 1951. Alimtazama baba yake akiwasha treni, akacheka hadi machozi, kisha akaugusa mkanda kwa kidole. Akaondoka, na hakuonekana tena.

Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Madereva wa kamyo walipewa salamu za kupeleka Kindu, wakarudi na jibu lile lile: kwenye treni hawamjui Michel wa Kibua. Gustave alisema hawakutafuta. Wazee wa ukoo wakaja kumwambia yale anayoyajua kila mtu, kwamba aliyepotelea mbali huzikwa kwa shina la mgomba badala ya mwili, ili walio hai wanyoe, walie, wamalize. Mama Euphrasie alipiga magoti mbele ya mumewe, amruhusu amlilie mtoto wake. Gustave alikataa. Mgomba wake usikatwe. Mtu wa treni hapotei, njia yake ni chuma.

Libérata ndiye aliyeumia kuliko wote. Pasipo maziko alikuwa bado mke wa mtu, na ujana wake ulikuwa unaishia kwenye kutwanga mihogo ya wakwe. Siku moja aliweka mchi chini, akamwendea barazani.

"Papa, miye niko bibi ya nani?"

Gustave aliendelea kukata kopo.

Basi mwaka wa 1955 akafika mtu wa Kibabi aitwaye Evode, mfanyabiashara wa maharage, ambaye zamani alifanya kazi ya moto kwenye treni ya Kindu, ya kweli. Gustave aliposikia hivyo alimvuta mkono kama mtoto. Akawasha ile treni kubwa kuliko zote, ikatembea, mkanda unazunguka, gurudumu linavuma. Evode alicheka kwanza. Halafu alichuchumaa, akalaza bomba la moshi kwa kidole, akalisimamisha, na kicheko kikamtoka usoni.

"Papa, hii haiko treni. Treni haina mukanda, na bomba yake hailalake. Hii niliiona kule Omate, kwa mashimo. Iko inasimama pahali pamoja tu, inazungusha musumeno."

Gustave alimwambia amekosea. Evode, mtu wa heshima, akakubali kwamba labda amekosea. Lakini usingizi wa Gustave ulikwisha siku hiyo, na kabla Evode hajamaliza kuuza maharage yake, mzee alikuwa amefunga chakula cha safari na kumwomba amwonyeshe njia. Aliibeba ile treni kubwa ndani ya kikapu, mgongoni.

Omate walifika wamechoka. Na ile mashini ilikuwapo, chini ya kibanda cha majani, imezamisha magurudumu yake kwenye matope. Gustave aliizunguka polepole. Tangi refu lililolala. Gurudumu kubwa ubavuni. Mkanda wa ngozi unakwenda kwenye msumeno, unapasua mbao za kuzuia kuta za mashimo. Bomba lenye bawaba, la kulazwa siku ng'ombe wanapoivuta porini. Hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi. Mtoto wake hakumdanganya hata kwa msumari mmoja, ila kwamba inatembea.

Kapita wa pale, msimamizi wa wachimbaji, mzee Léopold, alisema hajapata kumjua Michel. Gustave akaeleza sura yake, kicheko chake, kovu la nyusi. Kapita akatikisa kichwa taratibu.

"Aah, huyo ni Gustave. Gustave wa Kibua. Alikufa mwaka ule udongo ulianguka. Walimutuma kupeleka mbao mule ndani, haikuwa hata kazi yake. Hatukumutoa."

Michel alijiandikisha kwa jina la baba yake, ili atakayemtafuta Michel asimpate. Gustave alisimama pale, akisikia kwamba Gustave amekufa, na hakuona sababu ya kubisha. Alichokiuliza kilikuwa kidogo tu, kama mtoto yule aliwahi kutaja kwao.

"Kila siku," alisema Léopold. "Alitupigia masimulizi ya papa yake, ati anatengeneza mashini hii ndogo, na yake inatembea. Nikamuambia, mulete basi aone hii. Akasema, hapana, papa yangu hapendi muntu wa shimo."

Gustave aliketi chini kwenye matope, kikapu kikiwa bado mgongoni. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na wachimbaji waliokuwa wakipita walivua kofia bila kujua ni nani aliyekufa. Evode alisubiri mpaka jua likapinda, kisha akamwinua.

Aliporudi Kibua, Gustave alikata mgomba mwenyewe, akaubeba mwenyewe, akauvika shati la Michel. Mama Euphrasie alinyoa. Alilia kilio cha miaka yote aliyonyimwa, na katikati ya kilio alimwambia mumewe, bila hasira, kwamba shimo ni yeye aliyelichimba. Gustave aliitikia kwa kichwa. Libérata alirudi kwa wazazi wake baada ya matanga, na baadaye akaolewa huko Masisi.

Treni zilibaki kwenye ubao, zikapata kutu. Watu waliendelea kuja, wengine kutoka mbali, wakimwomba Papa Gustave awashe moja waone inavyotembea. Aliwakaribisha, akawapa viti, akaziteremsha wazishike.

"Haitembeake," aliwaambia. "Iko inasimama pahali pamoja tu."