Michirizi ya Jua Kichanjani

Utafiti wangu juu ya jua niliukuta umetandazwa juu ya kahawa ya baba mdogo, umekandamizwa kwa mawe.

Jua limezungukwa na taji la gesi nyembamba. Kwenye ncha zake mbili gesi hiyo hupanda kwa michirizi iliyonyooka, kama shina la mchaichai. Chuoni niliazimwa picha za setilaiti, moja kwa kila siku, nikazinakili kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za plastiki angavu. Nikizipandanisha, ningeona kama mchirizi uliozimika huwaka tena palepale. Tasnifu yangu yote ilitegemea hilo. Picha nilizirudisha, plastiki nikaja nazo nyumbani Mwika, nikazificha chini ya kitanda.

Siku hiyo nilishuka Moshi kununua rula. Mchana mvua ikapiga. Kahawa ya baba mdogo ilikuwa imeanikwa kichanjani, na mnunuzi binafsi kutoka Pasua, mmoja wa wale walioanza kupita nyumba kwa nyumba, alishasema hagusi kahawa yenye maji.

"Shikamoo, baba mdogo. Hizi umezitoa wapi?"

"Marahaba. Chini ya kitanda chako. Nailoni nzuri, ila umeichafua kwa wino."

"Hilo ndilo jua ninalolisoma!"

"Sasa lilikuwa wapi mchana, hilo jua lako, kahawa ikilowa?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilirusha jiwe migombani, nikaapa sitakula na baba mdogo tena.

Asubuhi baba mdogo akaja ameshika jani la isale. Kwetu anayeomba radhi huja nalo, na halikataliwi.

"Pokea," mama akasema.

"Angeniomba kwanza, mama!"

"Nimesema pokea."

Nikapokea. Dakika moja alitumia kuniharibia kazi, dakika nyingine kunifunga mdomo, na wote wakaenda kunywa chai. Hasira sikuwa na pa kuipeleka. Ninayo bado.

Karatasi nyingi zilisomeka. Ya siku ya tano ilikuwa tupu, wino wote umeoshwa na mvua. Siku ya nne kuna mchirizi mnene kushoto mwa ncha ya kaskazini. Siku ya sita upo palepale. Picha zilikuwa zimerudishwa kwa wenyewe Ulaya. Niliandika barua mbili, sikujibiwa. Kama mchirizi ule ulizimika ukawaka tena, au haukuzimika kabisa, sijui mpaka leo.