Usifagie Kwanza

Wiki iliyopita binti yangu alinikalisha mbele ya televisheni tutazame filamu ya zamani ya safari za angani. Chombo kilipopaa na mtoto kushika ufagio, nikajua hii niliwahi kuiona. Mara nikawa Mambrui, uani kwa jirani, nikinusa viazi karai na ukwaju.

Wakati huo mama alikuwa ameondoka kwenda Muscat kufanya kazi. Nikueleze jambo moja, huenda kwenu halipo: kwetu msafiri akitoka, hafagiliwi nyuma yake mpaka ijulikane amefika. Basi chumba cha mama kilibaki na mchanga wa viatu vyake, na vipande vya uzi wa leso aliyoipinda kabla ya safari. Siku zikapita, simu ya dukani kimya. Nyanya alipika mbaazi zake, na alipofika mlangoni pa chumba hicho na ufagio wa chelewa, alipita tu.

Jirani, mwenye deki ya video, ndiye aliyetualika. Filamu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, tena ngumu. Mama mmoja anamwacha mwanawe duniani, anakwenda kwenye nyota ya mbali. Mtoto anarudi ndani na kufagia chumba cha mamake.

Nyanya akasonya. "Mwone huyo. Mamake hata mawingu hajavuka, naye yuwafagia. Hafiki mamake."

"Bi mkubwa, hao ni Wazungu, wana miiko gani?" jirani akacheka. "Mbona mimi siku ile ya safari nilikufagilia ukumbi?"

Nikarudisha kiazi sahanini. Nyanya akamgeukia taratibu. "Ulifagia?"

"Ukumbi tu. Chumbani sikugusa, haki ya Mungu."

Tangu hapo nilitazama kwa jambo moja tu: yule mama afike. Lakini hakusikika. Mtoto akaota ndevu, ndevu zikawa nyeupe, wajukuu wakamzunguka. Ndipo mashine moja kuukuu ikawaka taa na sauti ya mamake ikatoka, changa kama alivyoondoka. Kiingereza changu cha shule kilitosha hapo, nikamnong'oneza nyanya: anasema amefika salama, ila nyota yenyewe iko mbali mno, hata sauti huchukua miaka njiani.

Nyanya akawaza kidogo. "Basi alifika zamani. Habari ndiyo iliyochelewa." Akanivuta kifuani, akanifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Kumbe ufagio wangu hauna makosa," jirani akasema.

"Nyamaza wewe. Bado."

Wiki hiyo hiyo mwenye duka akatuita. Nyanya alishika simu kwa mikono miwili, akasikiliza, kisha akarudi nyumbani haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akafagia chumba cha mama kona hadi kona.

Ua ule sasa una vyumba vya kupanga. Deki hazipo, na nyanya tulimzika. Lakini mama alirudi, na kila nikikumbuka hayo nashukuru. Nikitoka kumtembelea Mambrui, sijavua viatu hapa kwangu Mtwapa simu inalia.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Haya." Hakati simu. Nasikia chelewa zikianza kukwaruza sakafu.