Mama Aliyetunza Tovuti ya Chai Yetu

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kupimisha majani ya chai hapa Kiptere. Mwenzangu alisoma ujumbe kwenye simu, akavua kofia, akaniambia, "Mwalimu, yule mama wa tovuti ametuacha." Alikuwa karani mstaafu wa shule, jirani yangu, na ndiye aliyeshughulikia tovuti ya kikundi chetu cha wakulima wanaosokota chai kwa mkono na kuwauzia wanunuzi wa ng'ambo. Nimechoka kuwaandikia marehemu, wasomaji wangu. Huyu ananichosha zaidi kwa sababu nilimkosea.

Tulipotaka tovuti, tulikutana kanisani baada ya ibada ili tuamue ni nani atakayetuwekea tovuti hiyo kwenye seva yake. Yeye alikuja na daftari. Alikuwa amezipigia simu kampuni tatu za kazi hiyo Jumapili mchana, wakati kila mtu yuko mezani, aone ni ipi itakayopokea. Moja tu ndiyo iliyopokea, na hiyo ndiyo aliyoipendekeza. Mimi nilikuwa na mtu wangu, jamaa wa kijijini kwetu aliyekodi chumba kimoja mjini Kericho akitunza tovuti za watu. "Huyu ni mtu yetu," nilisema, "tunajua mpaka boma yao." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mama akauliza kwa upole, "Sawa Mwalimu, lakini akizima simu, ni nani mwingine ako na pasiwadi? Na hiyo jina ya tovuti itaandikwa ya nani, yetu ama yake?" Mzee mmoja akanong'ona kwa Kipsigis, lugha yetu, kwamba wageni wana maswali mengi. Mgeni! Wazazi wake walitoka upande wa Kati, lakini yeye alizaliwa Fort Ternan na kuzeeka huku kwetu. Kipsigis alikijua vizuri. Nilimwona akifunga daftari lake, nami nikaendelea kumpigia debe mtu wangu mpaka tukamchagua.

Mwaka wa pili mtu wetu alipata kazi ng'ambo, akaondoka bila kuaga. Simu ikazimwa, na tovuti ikafa. Jina la tovuti tulilolichapisha kwenye kila pakiti lilikuwa limesajiliwa kama mali binafsi ya mtu huyo. Wanunuzi walifungua ukurasa mtupu, wakadhani tumefunga duka. Mmoja wao aliyekuwa akichukua chai ya msimu mzima akaenda kwingine, na akina mama waliokwisha kununua vikaushio wakarudi kupeleka majani mabichi kituoni kama zamani. Damu ni nzito kuliko maji, tulisema siku ile kanisani, lakini damu haikutufungulia ukurasa.

Aliyehangaika ni yule mama. Aliandika barua, akapeleka cheti cha kikundi Nairobi mara mbili, akarudishiwa jina la tovuti. Akaihamishia kwenye ile kampuni iliyopokea simu, akaandikisha wanachama watatu wenye pasiwadi. Siku tuliyomzika, tovuti ilikuwa hewani na oda mbili zimeingia. Hakuwahi kunilaumu. Tulipokutana alinijulia hali tu kama kawaida, "Mwalimu, ng'ombe wanaamka?"

Huku kwetu tunachagua mtunza seva jinsi tunavyochagua diwani. Tunauliza ukoo, kanisa na mlima anakotoka, halafu tunashangaa kazi ikilala. Uliza simu inapokewa na nani siku ya shida. Uliza jina ni la nani kwenye karatasi. Kisha msikilize anayeuliza maswali hayo, hata kama jina la babake halitamkiki vizuri mdomoni mwako.

Kaburini nilipewa kipaza sauti, nikasifu bidii yake, nikaketi. Sikusema kwamba nilikosa. Kwa miaka mitatu nilikuwa na nafasi ya kumwambia neno hilo, na kati ya mlango wangu na wake kuna shamba moja tu la chai.